Mgeni wa Gari la Wazi

Jumamosi hiyo haikuwa na ubaya wowote. Elisaria alifungua duka lake la ndoo, kamba na taa za chemli, akauza ndoo, akakosa kuuza sabuni kwa sababu hakuwa nayo, na jua lilipopanda akamwachia mkewe Theopista duka, akatoka kwenda mtaa wa Gerezani kutafuta plagi za gari.

Gari lilikuwa linamsubiri nje, kando ya barabara ya Msimbazi, limezungukwa na watu wasio na shughuli. Lilikuwa Pijo 404 la rangi ya maziwa, milango miwili, paa la turubai linalokunjwa nyuma kama shuka la kitanda. Alilinunua kwa Mgiriki mmoja wa mkonge aliyekuwa anafunga virago baada ya shamba lake kuwa shamba la wananchi. Tangu hapo nchi ilibadilika mara kadhaa, lakini Pijo halikubadilika hata skrubu. Viti vyake vya ngozi nyekundu Elisaria alivipaka mafuta ya nazi, hata ule mwezi ambao mafuta ya nazi hayakuonekana jikoni kwake.

Serikali yenyewe haikujua ilifanyie nini. Siku ya kulikagua, karani alilizunguka na kalamu sikioni, akasimama.

"Ndugu, paa liko wapi?"

"Limekunjwa."

"Sasa niandike lina paa au halina?"

"Andika vyovyote."

"Vyovyote haimo humu," alisema karani, na baada ya kushauriana na wakubwa wake akaliandikisha kama lori dogo. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, Elisaria alikuwa anaendesha lori.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyelitaka kwa moyo wake wote. Aliitwa Kasmir, ofisa ununuzi wa shirika fulani lenye ofisi upande wa bandarini, na kila alipopita Kariakoo lazima aingie dukani kujifanya anaangalia kamba.

"Niuzie, Ndugu Elisaria."

"Wewe kiongozi. Watasemaje?"

"Sijakatazwa gari. Nimekatazwa kuonekana bepari."

"Utalifichaje gari lisilo na paa?"

"Litakuwa la mama mkwe."

Elisaria alicheka, akakataa, kama alivyokataa siku zote. Theopista alikuwa akimwambia aliuze, kwani mvua ikinyesha ghafla wao ndio wanaolowa huku wenye baiskeli wamekimbilia barazani. Elisaria hakusikia la mtu. Gari hilo ndilo lililokuwa jambo pekee maishani mwake lisilohitaji kibali.

Basi, Gerezani. Plagi hazikuwapo. Akalisimamisha kivulini kando ya ukuta wa karakana, akanunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili, akala akiwa ameketi kwenye usukani, paa wazi, upepo ukimpiga usoni. Mdomo ulikuwa umejaa.

Nyuma yake, karibu sana, mtu akasema, "Hodi."

"Karibu," akajibu Elisaria.

Hakugeuka. Nani hugeuka? Mtu akikukuta unakula, unasema karibu. Akibisha hodi, unasema karibu. Ulimi unaijua kazi hiyo bila kumwuliza mwenyewe.

Gari likadidimia kidogo upande wa nyuma, kushoto, jinsi linavyodidimia abiria anapokaa.

Ndipo alipogeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Ukutani hapakuwa na mtu, barabarani hapakuwa na mtu ila muuza muhogo aliyekuwa anapepea moto wake. Elisaria akamaliza kula. Ilimchukua muda, tayari yuko njiani, kujiuliza jambo dogo tu. Hodi hupigwa mlangoni. Kwenye gari lililo wazi, mtu anabisha hodi wapi?

*

Wiki iliyofuata Kariakoo nzima ilimheshimu. Mafundi cherehani waliinua vichwa vyao barazani. Wapagazi walisimamisha mikokoteni. "Shikamoo," walisema, huyu na yule, na Elisaria, ambaye alikuwa amevuka arobaini juzijuzi tu, akaitikia marahaba kwa raha. Mtaa wa Sikukuu mzee mmoja mwenye mvi, wa kumzaa kabisa, alivua kofia akamwamkia. Elisaria alitahayari. Lakini shikamoo haiachwi ikining'inia, kwa hiyo akaitikia, kwa sauti ndogo.

"Wanalisalimia gari," alimwambia mkewe.

"Au wanakudhani mbunge."

"Mbunge hapandi lori."

Wakacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ambacho Theopista anakikumbuka vizuri.

Jumapili walikuwa na ubatizo Magomeni. Theopista alibaki kuwasaidia kuosha vyombo, akasema atarudi kwa miguu na wenzake, na Elisaria akaondoka peke yake, amechelewa. Zilikuwa zile siku za amri ya Jumapili: ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi halitembei tena mpaka kesho yake asubuhi, nchi iokoe petroli. Barabara ya Jangwani ilikuwa tupu, nyeupe kwa jua. Bonde lote la Msimbazi lilikuwa kimya kama limefungwa. Katikati ya ukimya huo alisimama mgambo.

"Zima gari. Saa ngapi sasa, ndugu?"

"Nane na dakika chache, afande."

"Hizo dakika ni za nani?"

"Zangu, afande."

"Basi shuka nazo."

Elisaria alishika kitasa. Mgambo alikuwa amekwisha kunja uso, mkono umekwisha nyoshwa kuchukua leseni, kisha macho yake yakapita juu ya bega la Elisaria yakatua kiti cha nyuma. Uso ukabadilika. Akakaza mgongo.

"Shikamoo, mama."

Mgambo alisubiri kidogo, kisha akainamisha kichwa, kama mtu aliyeitikiwa.

"Kumbe una mgonjwa," alimwambia Elisaria. "Ungesema tangu mwanzo. Amri inaruhusu wagonjwa."

"Mgonjwa?"

Mgambo akainama mpaka sikioni kwake.

"Mwahishe, kaka. Tangu umesimama hapa, hajapepesa macho."

Elisaria alitazama kioo. Aliona ngozi nyekundu, turubai lililokunjwa, na barabara tupu. Akatia gia. Aliendesha polepole, kwa sababu mguu ulikuwa umekataa kukanyaga. Hakuna gari mbele. Hakuna gari nyuma. Alipofika kwenye kona, ngozi ya kiti cha nyuma ikalia, jinsi inavyolia mtu anapojisogeza akae vizuri.

*

Jirani yao wa ng'ambo ya barabara alikuwa Mzee Kitwana, Mzaramo, balozi wa nyumba kumi, mtu aliyepewa madaraka madogo na akayatumia yote. Elisaria alimkuta barazani alasiri ileile, Theopista naye amefika.

"Mzee, shikamoo. Kwenye gari langu umewahi kumwona mtu?"

"Marahaba. Afadhali umelileta mwenyewe," alisema Kitwana. "Mgeni akija, balozi anaarifiwa. Wiki nzima unazunguka na mama yako mjini, mimi sijaletewa hata jina."

"Mama yangu alifariki, mzee. Tulimzika Machame."

Kitwana akalitazama gari tena.

"Yukoje?" aliuliza Theopista.

"Bibi tu. Shuka jeupe. Mikono mapajani."

"Anatazama wapi?"

Kitwana hakupenda kujibu. Alimwangalia Elisaria kwa huruma, na huruma ya balozi si kitu kinachoonekana kila siku.

"Kisogo chako," alisema. "Hatazami kingine."

Pijo lilikuwa limeegeshwa ng'ambo, jua limelilalia. Elisaria akauliza kwa kunong'ona, "Yumo sasa hivi?"

"Yumo."

Walifanya kila walichoweza. Elisaria aliinua turubai, akafunga vifungo vyote, akafunga milango kwa ufunguo. Asubuhi turubai lilikuwa palepale, halikuguswa. Kitwana alichungulia kioo, akarudi nyuma. "Amehamia mbele," alisema. "Mlimfungia ndani, akajisikia nyumbani."

Mchungaji alikuja, akaliwekea gari mikono, akaomba kwa muda mrefu amefumba macho. Alipofumbua, akasema amina, akapeana mkono na Elisaria, akapeana mkono na Theopista, kisha akainama kwenye dirisha akasema kwa upole, "Bwana asifiwe, mama," akaenda zake. Mganga mmoja wa Rufiji aliyekuwa anakaa Gerezani aliitwa naye. Huyo hakufika. Alisimama mbali, mwanzo wa mtaa, akaangalia, akageuka. Hakuomba hata nauli.

Ndipo likabaki shauri moja tu: kuuza au kutouza.

"Ulimkaribisha ukiwa wapi?" aliuliza Kitwana.

"Ndani ya gari."

"Basi ni mgeni wa gari. Liuze, ataenda nalo."

"Gari lina mdomo?" aliuliza Theopista. Hakuwa amepaza sauti. "Aliyesema karibu ni nani?"



"Leo ana kiti," aliendelea. "Mkimwondolea kiti chake, atamfuata nani? Atakuja kukaa wapi? Wewe, mzee, utabaki hapa barazani kwako. Mume wangu atakuwa dukani. Ninayeshinda ndani ya nyumba hii ni mimi."

"Kwa hiyo mlibakize?" aliuliza Kitwana.

"Sijasema hivyo." Alijifunga kanga upya, ingawa ilikuwa imefungika. "Sijui nasema nini. Ila tangu leo, nyumba hii mtu akibisha hodi haitikiwi. Ataje jina lake kwanza."

Watu wa Kariakoo walisema Wachaga wale wameanza maringo. Theopista aliwaacha waseme.

Elisaria hakuweza kuamua. Asubuhi alikuwa anauza, jioni alikuwa hauzi. Gari likikaa, bibi yumo garini, na nyumba ni salama. Gari likienda, huenda bibi akaenda, huenda asiende. Alilipenda gari hilo, na hapo ndipo kichwa kilipomvurugika: hakujua kama anayesita ni mume anayemlinda mkewe au ni mtu anayelinda Pijo lake. Alikuwa bado analiendesha, maana mzigo wa duka haujibebi. Akipita watu waliamkia. Hakuitikia tena. Waliamkia tu, na kila mara walisubiri kidogo, kisha wakainamisha vichwa.

Siku moja alishuka mbele ya duka, Kitwana akamwita kwa kidole.

"Mwanangu. Gia yako ina joto siku hizi?"

Elisaria akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa na joto. Alidhani ni injini.

"Mkono wake uko pale," alisema Kitwana. "Kila ukibadili gia, unaushika."

Elisaria aliingia dukani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkono wake wa kushoto aliuweka mbali na mwili wake, kama si wake. Bibi alikuwa nyuma. Akaja mbele. Sasa ameegemea huku. Baada ya hapo kuna kiti kimoja tu kilichobaki, na kiti hicho hukaa dereva.

Kesho yake akamtumia Kasmir salamu kwamba gari linauzwa.

*

Hakumficha. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

"Ndugu Kasmir, gari lina mtu."

"Mpangaji?"

"Mgeni. Haonekani kwa mwenye gari. Wengine wanamwona."

Kasmir alicheka mpaka akafuta macho. "Mimi mtu wa mipango, Ndugu Elisaria. Kisichokuwamo kwenye mpango wa miaka mitano, hakipo."

Walikubaliana Jumamosi, mchana, nje ya ofisi ya shirika. Elisaria alilipeleka mwenyewe. Alivaa shati jeupe alilovaa ubatizoni. Hakutazama kushoto hata mara moja. Gia alibadili kwa ncha za vidole, na gia ilikuwa na joto. Alipozima injini alikaa kidogo, kwa sababu alikuwa akiliaga, na akaona haya kuliaga mbele ya mtu asiyemjua.

Kasmir aliingia, akapapasa usukani, akasema, "Mama mkwe atafurahi," akaondoka. Getini alisimama mlinzi mzee. Elisaria alimkazia macho mlinzi yule kuliko alivyowahi kumkazia mtu. Pijo likapita. Mlinzi akainua mkono, akafungua mdomo.

"Shikamoo, mama."

Elisaria akajipiga paja kwa furaha. Ameenda nalo. Ni kweli kwamba mlinzi alisema gari likiwa limekwisha kupita. Ni kweli pia kwamba macho yake yalikuwa yameelekea huku kwa Elisaria, si kule gari lilikokwenda. Elisaria aliliona hilo, akaamua kutoliona.

Alirudi kwa miguu. Gerezani nzima hakuna aliyemwamkia. Msimbazi hakuna aliyemwamkia. Mafundi cherehani walimwangalia mara moja wakarudi kwenye vitambaa vyao, na Elisaria hajawahi kupuuzwa akafurahi namna hiyo. Alijiona mwepesi. Alikuwa karibu kupiga mluzi alipofika kwake.

Mlango ulikuwa wazi. Theopista alikuwa ua wa nyuma, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Ulitoka tena kwenda wapi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Nimetoka wapi? Ndiyo nafika."

"Si umeingia sasa hivi." Mkono ukaendelea kukuna. "Ukapiga hodi. Nikakuuliza jina, ukasema Elisaria. Nikakwambia karibu."

Mkono ukasimama.

"Sauti yangu?" alinong'ona Elisaria.

"Yako."

Sebuleni, nyuma ya Elisaria, kiti kikalia. Taratibu. Kama mtu anayejisogeza akae vizuri.

Elisaria alitaka kugeuka. Theopista akatikisa kichwa: usigeuke. Macho yake yalikuwa yamepita bega la mumewe, yametua mbali kidogo, ndani, kwenye kivuli. Kifuu cha nazi kikamtoka mkononi. Alikuwa hajawahi kumwona. Sasa alikuwa anamwona.

Alifanya nini? Alifanya alivyolelewa. Alisimama polepole, akapiga goti, nazi ikiwa imemganda vidoleni.

"Shikamoo, mama," alisema.

Na Elisaria, kwa mara ya kwanza, akasikia ikiitikiwa.

*

Kasmir hajambo, na gari halijambo. Wiki ile alipita dukani kushukuru, akasema linakwenda kama maji na kwamba hajawaona wageni wowote.

Nyumba ilikuwa ya serikali, kwa hiyo Elisaria aliomba apangishwe nyingine. Ofisi inayohusika ilimtuma ofisa kuja kukagua kama sababu za kuhama zinatosha. Ofisa huyo alikuja mchana, wenyewe wakiwa dukani, akatoka akawafuata dukani akitabasamu. "Haiwezekani, ndugu," alimweleza. "Mama mwenye nyumba amenipokea vizuri sana, lakini amesema haendi popote. Na wewe na mkeo, amesema mnaweza kuendelea kukaa." Elisaria alimwuliza ni nani aliyemwambia kwamba yule ndiye mwenye nyumba. Ofisa akamshangaa. Alisema ndiye aliyesema karibu.

Kwa hiyo wanakaa. Wanakula kwa sauti ndogo, ua wa nyuma. Sebule wanaipita upande upande, wakiomba radhi. Theopista huamkia asubuhi na jioni, kwani siku moja alisahau, na siku hiyo hataki kuizungumzia.

Limebaki lile shati. Usiku wa siku ya mauzo, Elisaria alipolivua, Theopista aliona alama kwenye bega la kushoto: vidole vinne na gumba, vyeusi vyeusi, mahali mtu anapomshika dereva ili ajiinue kutoka kwenye kiti. Walidhani grisi. Haikuwa na harufu. Alilifua kwa sabuni aliyoipangia foleni tangu alfajiri, akalisugua mpaka kitambaa kikachakaa, na alama hazikufifia.

Akaligeuza ndani nje aanze upya, na hapo akaacha. Upande wa ndani alama zilikuwa nzito kuliko nje. Weusi haukuingia kutoka nje. Ulitoka ndani, kana kwamba aliyeshika alikuwa upande huo. Akamwita mumewe dirishani, penye mwanga, akamkagua bega lote kwa vidole vyake.

Ngozi ilikuwa safi.